Otto Jespersen na Suala la Sentensi Kamili

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mbinu: namna ya kuandaa somo, namna ya kutumia ubao, namna ya kuuliza maswali. Mara hii tumeona vema kueleza maisha ya mtu mmoja ambaye hakuzaliwa Uingereza wala Marekani, ambaye nyumbani kwao hakikusemwa Kiingereza, lakini aliandika sarufi ya Kiingereza iliyosomwa kwa heshima na Waingereza wenyewe. Mtu huyo ni Otto Jespersen, mwana wa Denmark. Sababu ya kumchagua yeye imo katika kisa kidogo ambacho kila aliyewahi kusahihisha madaftari ya Kiingereza atakitambua.

Mtoto wa darasa la sita ameandika: "The boy running in the field." Ameanza kwa herufi kubwa na kumaliza kwa nukta, kama alivyofundishwa. Mwalimu anatia alama ya kosa kwa wino mwekundu. Mtoto anauliza kosa liko wapi, naye anajibiwa kwamba hiyo si sentensi kamili, kwa kuwa haina maana kamili. Lakini mtoto anaona maana: mvulana yupo, uwanja upo, mbio zipo. Siku ya pili anafungua kitabu chake na kukuta neno moja tu, "Stop!", nalo limeitwa sentensi. Maneno sita si sentensi, neno moja ni sentensi! Mtoto huyu hana ukaidi. Ana swali la haki, na mara nyingi mwalimu hana jibu, maana naye alipewa kanuni ileile bila maelezo. Jespersen alilifanyia kazi swali hilo kwa muda mrefu wa maisha yake.

Alizaliwa tarehe 16 Julai, 1860, katika mji wa Randers, katika rasi ya Jutland. Ukoo wake ulikuwa wa wanasheria, na ilitarajiwa kwamba naye angefuata njia hiyo. Alifiwa na baba, kisha na mama, angali mvulana. Katika umri huo alisoma habari za Rasmus Rask, Mdenmark mwenzake aliyeishi toka 1787 hadi 1832, ambaye alikuwa mmoja wa waasisi wa elimu ya kulinganisha lugha. Habari hizo zilimwasha moto. Kwa kutumia vitabu vya sarufi vya Rask alianza kujifundisha lugha ya Iceland, Kiitalia na Kihispania, peke yake, bila mwalimu wa kumsimamia. Tunaomba mwanachuo aliangalie jambo hilo kwa makini. Huyu ambaye baadaye alikuja kushambulia ufundishaji wa lugha kwa kanuni za vitabuni, yeye mwenyewe aliingia katika lugha kwa mlango wa vitabu vya kanuni. Alijua kanuni zinampa nini mtu anayezipenda, na zinamnyima nini mtoto ambaye hakuziomba.

Mwaka 1877 aliingia Chuo Kikuu cha Copenhagen kusoma sheria. Baada ya miaka minne aliiacha, na kuanzia 1881 akajitia moja kwa moja katika lugha. Ilimbidi ajilipie gharama za maisha; hivyo alifundisha shuleni, na pia alifanya kazi ya kunukuu hotuba kwa hati mkato katika bunge la Denmark. Kazi hii ya pili haitajwi sana, nasi tunaona kwamba inastahili kutajwa. Mtu anayenukuu maneno ya wabunge kadiri yanavyotoka mdomoni husikia kila siku jinsi watu wanavyosema hasa: wanavyoanza jambo na kulikatiza, wanavyojibu kwa neno moja, wanavyoeleweka bila ya kukamilisha kila kitu ambacho sarufi inawadai. Hatudhani kwamba masikio yaliyozoezwa hivyo yangeweza kuridhika na maelezo ya sentensi yaliyotokana na Kilatini cha vitabuni peke yake.

Wakati huo Ulaya ilikuwa katika mabishano makali juu ya ufundishaji wa lugha za kigeni. Shule nyingi zilifundisha Kiingereza na Kifaransa kama zilivyofundisha Kilatini: kanuni kwanza, halafu orodha ya maneno, halafu sentensi mbalimbali za kutafsiri, kila moja ikiwa haina uhusiano na mwenzake. Mwaka 1882 Mjerumani Wilhelm Viëtor alitoa kijitabu cha kudai mageuzi, na vijana wengi wakamfuata. Miongoni mwao alikuwa Felix Franke, Mjerumani aliyeandika kijitabu juu ya kujifunza lugha kwa njia ya matumizi. Jespersen alikitafsiri kwa Kidenmark mwaka 1884. Vijana hao wawili wakawa marafiki kwa barua. Waliandikiana juu ya matamshi, juu ya shule, juu ya vitabu walivyotamani kuviandika. Lakini hawakuonana hata siku moja, kwa sababu Franke alikufa kwa ugonjwa wa mapafu mwaka 1886, angali kijana. Jespersen hakumsahau.

Mwaka 1885, akiwa hata hajamaliza shahada, Jespersen alitoa sarufi fupi ya Kiingereza kwa ajili ya shule, iliyoshughulikia lugha ya kusemwa pamoja na lugha ya kuandikwa. Mwaka uliofuata alimwandikia Mfaransa Paul Passy akishauri iundwe alfabeti moja ya matamshi itakayofaa lugha zote. Shauri hilo ni mojawapo ya mbegu za alfabeti ya kimataifa ya fonetiki, ambayo alama zake tunaziona hadi leo katika kamusi za Kiingereza. Alipata shahada mwaka 1887, akasafiri Uingereza, Ujerumani na Ufaransa, akakutana na Henry Sweet, mtaalamu mkuu wa fonetiki wa Uingereza wa siku zile. Mwaka 1891 alipata udaktari, na mwaka 1893 akawa profesa wa Kiingereza huko Copenhagen. Alishika kiti hicho mpaka 1925.

Kitabu chake juu ya ufundishaji wa lugha za kigeni kilitoka kwa Kidenmark mwaka 1901 na kwa Kiingereza mwaka 1904. Hakiko mbali na mambo yanayotusumbua sisi. Alizikejeli sentensi za vitabu vya shule ambazo hakuna mtu mwenye akili timamu angezisema, na ambazo zimetungwa ili kubeba kanuni fulani tu. Alidai kwamba mwanafunzi apewe maneno yenye mfululizo, yenye habari inayoeleweka, na kwamba kanuni zije baadaye, zitokane na kile kilichokwisha kusomwa. Wanafunzi wenyewe wapekue ukurasa walioufahamu, wakusanye mifano ya jambo moja, waipange, kisha waseme wameona nini. Kazi ya mwalimu ni kuchagua ukurasa unaofaa na kuwazuia wasiropoke haraka. Njia hii ni ngumu kuliko kuandika kanuni ubaoni, na tusimdanganye mwanachuo kwamba inafanyika kwa urahisi katika darasa la watoto wengi wenye vitabu vichache. Lakini inafanyika. Ubao mmoja wenye aya ya mistari minane unatosha kwa kipindi kizima.

Baada ya hapo Jespersen alianza kazi iliyomchukua maisha yake yote. Alikuwa akisoma vitabu vya Kiingereza vya karne mbalimbali, tamthilia, riwaya, magazeti, na kila alipokuta namna ya kusema iliyomvutia aliinakili katika kikaratasi. Vikaratasi vilijaa masanduku. Kutokana navyo aliandika sarufi kubwa ya Kiingereza cha sasa kwa misingi ya historia, mabuku saba kwa jumla. La kwanza, juu ya sauti na tahajia, lilitoka mwaka 1909, na la pili, lililoanza habari za sintaksia, mwaka 1914. Hakuwauliza Waingereza waseme nini kilicho sahihi. Aliwaonyesha walivyokuwa wakisema na kuandika tangu zamani. Wale waliopenda kuwakemea wenzao kwa makosa ya lugha walikuta mara kwa mara kwamba kosa hilo limefanywa na waandishi wao wakubwa kwa muda wa miaka mia tatu.

Sasa turudi kwa mtoto wetu wa darasa la sita. Katika kitabu chake juu ya falsafa ya sarufi, kilichotoka mwaka 1924, Jespersen alitenganisha aina mbili za kuunganisha maneno. Katika aina ya kwanza neno moja linaambatanishwa na jingine ili kulitambulisha zaidi, na yote mawili kwa pamoja yanabaki kuwa jina la kitu kimoja. Katika aina ya pili maneno mawili yanasimama mbalimbali, na la pili linasema jambo jipya juu ya la kwanza. Sisi tutaiita aina ya kwanza ambatano, na ya pili fungamano. Ambatano ni kama picha iliyotundikwa ukutani. Fungamano ni kama tendo linalotokea mbele ya macho yetu.

Kiswahili chetu kinaonyesha tofauti hiyo waziwazi kuliko Kiingereza. Tukisema "mbwa anayebweka", msikilizaji anatazama midomo yetu akingoja zaidi: mbwa anayebweka amefanya nini? Tukisema "mbwa anabweka", msikilizaji amekwisha kupata habari. Maneno ni yaleyale, mnyama ni yuleyule, sauti ni ileile. Kilichotofautisha ni kirejeshi "-ye-" tu. Mtoto aliyeandika "The boy running in the field" ameandika "mvulana anayekimbia uwanjani", akaweka nukta mahali ambapo msikilizaji bado anangoja. Mwalimu asimwambie kwamba maneno yake hayana maana, kwa sababu yanayo. Amsomee kwa sauti, asite, kisha awaulize wenzake darasani: je, mmepata habari, au mnangoja? Tumelijaribu jambo hili katika mazoezi ya kufundisha, na tuliona kwamba watoto hawakosei. Masikio yao yanajua kungoja. Kinachobaki ni kuwaonyesha kwamba "is" ndiyo inayogeuza ambatano kuwa fungamano: "The boy is running in the field."

Na kwa nini neno moja, "Stop!", ni sentensi? Hapa Jespersen alikwenda mbali kuliko walimu wengi wa wakati wake, na pengine kuliko wengi wa wakati wetu. Walikuwapo waliofundisha kwamba sentensi lazima iwe na kiima na kiarifu, na pale kiima kisipoonekana, walikileta kwa nguvu na kusema kwamba kimefichwa. Jespersen aliikataa dhana hiyo ya kuficha. Kwake yeye, sentensi ni usemi wa binadamu ulio kamili na unaojitegemea, na ukamilifu wake unajulikana kwa kuwa unaweza kusimama peke yake mahali unaposemwa. Mtu akiulizwa alikuwa wapi, akajibu "Sokoni", amesema kitu kamili. Hakuna aliyebaki akingoja. Kwa upande mwingine, fungamano laweza kuwapo bila ya kuwa sentensi. Katika "We heard the children sing", watoto na kuimba vina uhusiano wa kiima na kiarifu, lakini vyote viwili vimemezwa ndani ya sentensi kubwa na kuwa sehemu yake tu. Kwa hiyo maswali ni mawili, na yasichanganywe. La kwanza: je, kuna jambo linalosemwa juu ya jambo jingine? La pili: je, usemi huu unaweza kusimama peke yake?

Jambo hili linagusa desturi moja ya shule zetu. Walimu wengi huwalazimisha watoto kujibu kila swali la Kiingereza kwa sentensi nzima. Mwalimu anauliza "Where is the chalk?", mtoto anajibu "On the table", naye anakaripiwa na kuamriwa aanze upya: "The chalk is on the table." Hatusemi kwamba zoezi hili halina faida. Mtoto anapata nafasi ya kutamka kitenzi, na nafasi hizo ni chache. Lakini mwalimu ajue kwamba hilo ni zoezi, na amwambie mtoto kwamba ni zoezi. Akimwambia kwamba jibu lake la kwanza lilikuwa kosa la sarufi, atakuwa amemfundisha uwongo, kwa sababu hivyo ndivyo wenye lugha wanavyojibu, na hivyo ndivyo mtoto mwenyewe anavyojibu kwa Kiswahili. Tumeona watoto hodari wakinyamaza kabisa katika somo la Kiingereza kwa kuogopa kwamba jibu fupi ni kosa na jibu refu litawashinda. Hasara hiyo ni kubwa kuliko faida ya zoezi.

Tuingie sasa katika kirai kitenzi, ambacho Jespersen alikishughulikia kwa kirefu zaidi katika buku lake la nne, la mwaka 1931, juu ya wakati na njeo. Mswahili anapaswa kuanza kwa kushangaa kidogo. Neno letu moja, "hatukuwaona", linabeba ukanushi, mtendaji, wakati, mtendwa na tendo lenyewe. Kwa Kiingereza linahitaji maneno matano: "We did not see them." Sisi tunafunga mzigo wote katika furushi moja, Waingereza wanaubeba kwa foleni ya wapagazi. Matatizo mengi ya wanafunzi wetu yanatoka hapo. Mtoto asemaye "Juma he came" ametafuta mahali pa kuweka ile "a-" ya "alikuja". Mtoto aandikaye "Juma sick" amefuata desturi ya Kiswahili inayoruhusu kusema "Juma mgonjwa", na kifungo kikaeleweka bila ya kutajwa.

Katika foleni ile ya Kiingereza mpagazi wa kwanza ndiye kiongozi. Tazama "has been reading". Neno la kwanza peke yake ndilo linalobadilika kufuata mtendaji na wakati: "has", "have", "had". Ndilo linalotangulia mbele ya kiima katika swali, na ndilo linalofuatwa na "not". Maneno mengine hayasogei. Na pale ambapo hapana mpagazi zaidi ya kitenzi chenyewe, swali au ukanushi huleta kiongozi wa kukodi, "do". Ndipo watoto wetu wanapoandika "He did not came", wakitia wakati uliopita mara mbili. Mwalimu ana msaada mkubwa katika Kiswahili hapa, ila hautumii. "Alisoma" ikikanushwa huwa "hakusoma". "-Li-" imeondoka, wakati uliopita umehamia katika "-ku-", na mzizi "-soma" umebaki bila alama. Vivyo hivyo "came" hurudi kuwa "come", kwa sababu wakati umekwisha kuchukuliwa na "did". Mtoto asiyerudia "-li-" katika "hakusoma" anaweza kuelewa kwa nini asirudie wakati uliopita baada ya "did".

Juu ya ukanushi wenyewe Jespersen aliandika kitabu maalumu mwaka 1917. Alionyesha kwamba Kiingereza cha kale kilikanusha kwa kijineno kidogo "ne" mbele ya kitenzi. Kijineno hicho kikadhoofika katika matamshi, kikaongezewa neno jingine baada ya kitenzi ili kukitia nguvu, ambalo ndilo "not". Kisha "ne" ikafa, "not" ikabaki peke yake. Baadaye ikaja "do", na "not" nayo ikaanza kupungua hadi kuwa "n't" iliyogandamana na kitenzi kisaidizi. Kifaransa kimepita njia ya namna hiyohiyo. Mwaka 1979 mtaalamu wa Sweden, Östen Dahl, aliuita mzunguko huo kwa jina la Jespersen, na hivyo ndivyo unavyoitwa hata leo.

Hoja nyingine iliyowaudhi baadhi ya walimu ni ile ya wakati ujao. Jespersen alitenganisha wakati, ambao ni jambo la ulimwengu, na njeo, ambayo ni umbo la kitenzi. Watu wote wana kesho, lakini si kila lugha ina umbo maalumu la kesho. Alisema kwamba Kiingereza hakina njeo ya wakati ujao iliyo kamili, "will" na "shall" ni vitenzi vyenye maana zake za kutaka na kupaswa, ambavyo vimeazimwa kwa kazi hiyo, na mara nyingi Mwingereza husema ya kesho kwa umbo la leo: "We start tomorrow." Sisi tunayo "-ta-", ambayo ni alama halisi ya wakati ujao. Mwalimu akifundisha kwamba "-ta-" ni "will" na "will" ni "-ta-", atakuwa amepanda mbegu ya kosa ambalo litamsumbua mtoto mpaka sekondari. Kiswahili husema "atakapokuja nitamwambia", wakati ujao mara mbili, mtoto hutafsiri "When he will come I will tell him." Kumbe Kiingereza hutaka "When he comes". Kosa si la uzembe. Mtoto amefuata kwa uaminifu mlingano aliopewa ubaoni.

Umbo la "was writing" Jespersen aliliita umbo lililotanuliwa, akalieleza kama fremu inayozunguka tendo jingine au saa fulani. "She was writing when we came in": kuandika kulianza kabla ya sisi kuingia, na huenda kuliendelea baadaye, kuingia kwetu kumo ndani ya fremu. Tuna hakika kwamba hakuna maelezo bora kwa mtoto anayesema kila siku "alikuwa akiandika tulipoingia". Mchoro wa sanduku na nukta ndani yake unatosha.

Hata hivyo hatupendi kumwonyesha mwanachuo mtu asiye na upungufu. Jespersen aliamini kwamba lugha zikipoteza viambishi vyake haziozi, kama walivyodhani wataalamu wengi wa karne ya kumi na tisa, bali zinasonga mbele; alilitetea wazo hilo katika kitabu cha mwaka 1894 na tena katika kitabu chake kikubwa juu ya lugha cha mwaka 1922. Upande mmoja wazo hilo lilikuwa la ukombozi, kwa kuwa liliondoa dharau iliyowekewa Kiingereza cha kawaida mbele ya Kilatini. Upande wa pili lilimfanya atafute mifano ya lugha zenye mzigo mzito, akaikuta katika upatanisho wa kisarufi wa lugha za Kibantu. Alitumia mfano wa Kizulu kutoka katika kazi ya Bleek, akaonyesha jinsi alama ya ngeli inavyorudiwa katika kila neno, akaona kuwa ni marudio ya gharama kubwa ambayo Kiingereza kimeyaepuka.

Tukisema "watoto wetu wadogo wawili wamefika, tumewaona", ni kweli kwamba alama ya watu wengi inasikika mara sita. Lakini mtoto wa miaka minne haoni mzigo wowote. Marudio hayo yanamwezesha msikilizaji kujua nani amefanya nini hata maneno yakigeuzwa mpangilio, hata upepo ukichukua neno moja. Kiingereza, kilichopoteza viambishi, kimelipa kwa namna nyingine: mpangilio wa maneno umekuwa mgumu, na foleni ya vitenzi visaidizi imerefuka. Kila lugha hulipa ushuru wake mahali fulani. Jespersen alikuwa na vikaratasi tele vya Kiingereza, lakini lugha za Kibantu alizijua kwa vitabu vya watu wengine, na hapo, kwa maoni yetu, alivunja kanuni yake mwenyewe ya kusikiliza kwanza na kuhukumu baadaye.

Mambo mengine ya maisha yake tutayapita haraka. Alikwenda Marekani mwaka 1904, na tena 1909 hadi 1910, kutoa mihadhara. Alimwangalia mwanawe Frans akijifunza kusema, na mengi ya aliyoyaona aliyatia katika maandishi yake juu ya lugha ya watoto. Alijishughulisha pia na lugha za kubuni za kimataifa. Mwaka 1928 alitoa ya kwake, Novial, ambayo haikupata wasemaji wengi. Mwaka 1933 alitoa muhtasari wa sarufi yake katika kitabu kimoja, na tunamshauri mwanachuo atakayekikuta maktabani aanze na hicho, kwa sababu mabuku saba humtisha hata mwalimu mzoefu. Mwaka 1938 aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kidenmark.

Uzee haukumsimamisha. Ujerumani iliikalia Denmark mwezi wa Aprili 1940, naye akiwa karibu kutimiza miaka themanini. Mwaka huohuo buku la tano lilitoka, na la sita likafuata mwaka 1942. Alikufa mjini Roskilde tarehe 30 Aprili, 1943, nchi yake ikiwa bado mikononi mwa wageni, na buku la saba halijakamilika. Msaidizi wake, Niels Haislund, alivichukua vikaratasi na maandishi yaliyobaki, akaimaliza kazi. Buku hilo la mwisho, juu ya sintaksia, lilitoka mwaka 1949, miaka arobaini baada ya lile la kwanza.